Mtumba Chini ya Milima ya Mitumba

Miongoni mwa kazi zote ambazo binadamu huzifanya akiwa amelala chali chini ya gari lililoegemezwa juu ya mawe, hakuna inayostahili sifa kuliko ile ya kuchukua gari kuukuu lenye kimo cha kupandia milima lakini linalovutwa na magurudumu mawili tu, na kulitia mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne kwa fedha zisizotosha. Lucian wa Samosata alimsifu nzi katika karne ya 2, na Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, lakini wote wawili walifariki kabla gari halijabuniwa, kwa hiyo hawawezi kulaumiwa kwa kuridhika na mada ndogo.

Makao halisi ya kazi hii ni Uvira, mji wa Kivu Kusini uliobanwa baina ya ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika na safu ya milima ambayo huko Itombwe hupanda zaidi ya mita 3,000. Katika ramani safu hiyo huitwa Mitumba, neno ambalo kwa wasemaji wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya lina maana ya bidhaa zilizokwisha kutumiwa na watu wengine, mbali, kabla ya kuvuka bahari. Wataalamu wa asili ya maneno wana haki ya kukanusha undugu wa majina haya mawili, lakini mwenye kusifu halazimiki kuwangoja wamalize. Gari lililochakazwa Japani, likateremshwa bandarini Dar es Salaam na hatimaye likasimama chini ya milima hiyo, limefika kwa wajina wake.

Hamu ya magurudumu manne katika mwambao huu haina cha kuchekesha. Barabara ya Taifa namba 5 hutoka Bukavu, huteremka miteremko ya Ngomo hadi Kamanyola, hukata uwanda wa Ruzizi kupitia Luvungi na Sange, huingia Uvira, kisha hufuata ukingo wa ziwa kupitia Makobola na Mboko kuelekea Baraka, na katika majira ya mvua sehemu zake nyingi hugeuka tope ambalo lori moja likikwama, mengine yote hujifunza subira. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge huporomoka kutoka milimani na kupita katikati ya makazi ya watu. Aprili 2020 mafuriko yake yaliua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda hadi kuimeza sehemu ya bandari ya Kalundu. Mkazi wa mahali kama hapo anayetamani gari ambalo Wakongo huliita katre-katre, kwa namba ya Kifaransa iliyorudiwa mara mbili, anatamani kitu cha maana. Kinachosifiwa hapa ni njia anayoichagua kukipata.

Njia hiyo huanzia kwenye herufi moja. Toyota RAV4, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1994, ilikuwa na kizazi cha pili kilichotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, na nchini Japani kizazi hicho kiliuzwa kwa sura mbili: yenye injini ya lita 1.8, ambayo huendesha magurudumu ya mbele peke yake, na yenye injini ya lita 2.0, ambayo huendesha yote manne. Kwa nje magari hayo ni pacha, yaani bodi ni ileile, kimo hakitofautiani kwa jicho, na hata gurudumu la akiba hukaa mgongoni mwa yote mawili kama mtoto aliyebebwa. Tofauti yao imeandikwa kwenye kibati kidogo cha chuma ambacho watu wachache hukisoma, kwani namba ya muundo ya gari la kwanza huanza na ZCA na ya gari la pili huanza na ACA. Mnunuzi hutazama rangi na muuzaji hutazama herufi, na bila mgawanyo huu wa kazi biashara ya magari makuukuu isingekuwa na faida.

Mwenye kugundua baada ya mvua ya kwanza kwamba ameinunua Z hutulizwa na fundi kwa kuambiwa kwamba kimekosekana kitu kimoja tu, nacho ni kardani, yaani mhimili mrefu wa chuma unaopeleka mzunguko kutoka mbele hadi nyuma. Uzuri wa kauli hii ni kwamba ni kweli kwa muda wa siku tatu hivi. Kardani haina pa kuishia isipokuwa kuwe na difu ya nyuma, ambayo ni kikombe cha meno kinachogawa mzunguko kwa magurudumu mawili. Difu haina pa kuning'inia bila fremu yake ya chini. Magurudumu ya nyuma hayawezi kuupokea mzunguko huo bila vitovu vyenye tundu la meno na vyuma vifupi vya kuyaunganisha na difu. Tangi la mafuta na bomba la moshi, vilivyokuwa vimejinyoosha kwa raha mahali ambapo hapakuwa na kitu, hulazimika kupisha. Na huko mbele, ambako safari yote inapaswa kuanzia, gia boksi ya zamani haina hata mlango wa kutolea nguvu kuelekea nyuma, hivyo nayo hutoka. Hapo ndipo hugundulika kwamba injini ya lita 1.8 na ile ya lita 2.0 ni za koo mbili tofauti, na kwamba hakuna anayeweza kuchukulia kwamba gia boksi iliyozoea moja itakaa na nyingine bila ugomvi. Gari lililokosa kitu kimoja sasa limekosa karibu kila kitu isipokuwa milango.

Mtu asiye na jicho la sifa angeona hasara, ilhali huo ni uchumi wa mpakani kazini. Vifaa hutafutwa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira na Gatumba, mwendo ambao kwa gari zima hauhitaji saa nyingi na kwa gari lililofunguliwa huhitaji pikipiki; hutafutwa pia Bukavu, na kwa mizigo inayovuka ziwa kutoka Kigoma. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye gari hujaza kibaba cha watu wengi: wa pikipiki, wa mpakani, wa kuchomelea, na wa kulinda gari lisilo na gia boksi lisiibiwe, ingawa wizi wake ungehitaji wanaume kumi. Malipo hufanywa kwa dola, na hapa ipo adabu ya Kikongo inayostahili kutajwa, kwamba noti ya dola yenye mchaniko wa unene wa unywele hukataliwa kwa dharau, wakati difu yenye ufa huo huo hupokelewa kwa mikono miwili na kuitwa orijino.

Ziwa lenyewe lina mfano wa kuwatia moyo. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaungwa, ikaelea mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaopolewa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwenye RAV4 iliyotawanyika uani anaweza kuutumia mfano huu kumjibu mkewe, mradi asitaje kwamba Wajerumani waliiagiza meli yao ikiwa na vipande vyote.

Hata hivyo, fahari kuu ya kazi hii ni elimu. Mwaka 1858 Burton na Speke waliabiri mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira wakitaka kujua kama mto Ruzizi hutoka ziwani au huingia humo, wakaambiwa na wenyeji kwamba huingia, na jambo hilo ambalo kila mvuvi alilijua lilibaki mjadala wa wasomi wa Ulaya hadi Livingstone na Stanley walipoufikia mdomo wa mto mwezi Novemba 1871. Chini ya gari la kuunga hufanyika utafiti wa namna hiyo hiyo, wa kutaka kujua nguvu inatoka wapi na inaelekea wapi. Jibu ni kwamba difu ya kawaida, kama maji, huielekeza nguvu mahali penye upinzani mdogo, yaani kwenye gurudumu lililoko hewani au matopeni, na kulinyima lile lililokanyaga mwamba. Kwa sababu hiyo gari la magurudumu mawili hukwama likizungusha gurudumu moja, na gari la magurudumu manne, kama halina kifungio cha difu, linaweza kukwama vilevile likizungusha mawili, moja mbele na moja nyuma, jambo ambalo hakika ni maendeleo.

Sura ya pili ya elimu hiyo ni hesabu. Kila difu ina uwiano wake, yaani idadi ya mizunguko ya kardani inayozaa mzunguko mmoja wa gurudumu, na uwiano wa mbele ukipishana na wa nyuma, nusu moja ya gari hutaka kwenda kwa kasi ambayo nusu nyingine haiitaki. Matope huuficha ugomvi huo kwa kuyaacha magurudumu yateleze. Lami huufichua, na chuma kilicho dhaifu zaidi ndicho hulipa. RAV4 ya lita 2.0 ya kizazi hicho ina difu ya kati iliyofungwa pamoja na kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni, ambacho hubana pale mbele na nyuma zinapozunguka kwa kasi tofauti, na ambacho huchemka kisipopumzishwa. Si lazima difu ndizo zipishane ili kichemke, kwani hata tairi zisizolingana zinatosha, na hapa ndipo mfumo uliobuniwa kwa tairi nne sawa hukutana na mji ambako tairi hununuliwa moja moja, kila moja kwa msiba wake. Fundi hulimaliza tatizo hili kwa kuichomelea difu ya kati ikawa chuma kimoja, tiba inayoponya kiungo kwa kukiondoa.

Wapo wenye busara, na kila mtaa wa Uvira una wa kwake, watakaosema kwamba jumla ya fedha hizo hupita tofauti ya bei kati ya Z na A. Kwamba ingefaa kuiuza ya kwanza kwa mtu wa lami na kuinunua ya pili ikiwa nzima. Na kwamba tairi nne mpya zenye meno, koleo, kamba imara na dereva anayeshuka kuupima mto kwa fimbo kabla ya kuuingia humfikisha mtu Baraka mara nyingi zaidi kuliko difu ya kuokota. Wanasema kweli, na ndiyo sababu hakuna anayekwenda kunywa nao bia jioni, kwa kuwa wakishamaliza sentensi hiyo mazungumzo yamekwisha, ilhali gari la kuunga huwapa wanaume wanane mada ya msimu mzima wa mvua.

Msimu huo ukiisha, ngurumo husikika kutoka chini ya viti vya nyuma, na fundi, kwa upole wa tabibu, hushauri kardani iondolewe kwa muda. Kwa kuwa difu ya kati imekwisha kuchomelewa, nguvu yote hurudi mbele, na gari huondoka likivutwa na magurudumu mawili kama lilivyozaliwa, isipokuwa sasa ni zito zaidi na linakunywa mafuta zaidi, huku kardani ikihifadhiwa ukutani, mahali ambapo kuku hupenda kulala. Kinachobaki nyuma ya gari, juu ya taa ya kulia, ni kibandiko kinachosomeka 4WD, kilichonunuliwa siku ya kwanza kabla ya kifaa kingine chochote, na ambacho katika kazi yote ndicho pekee kilichokaa mahali pake bila kuchomelewa.