Profesa wa Kwa Kinyozi

Kwa kinyozi wetu hapa Kiamunyi, fizikia hufundishwa bure ukisubiri zamu. Juzi mzee mmoja, povu likiwa bado kidevuni, alitufafanulia mashine ya MRI inavyopiga picha za mwili: "Vijana, damu ina chuma. Sumaku inaivuta, picha inatokea." Tukaitikia kama wanafunzi watiifu. Ingekuwa hivyo, mgonjwa angetoka humo mweupe kama karatasi.

Fizikia yenyewe ina vituko zaidi. Sumaku ya tesla 1.5, yenye nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia, hupanga viini vya hidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili. Mawimbi ya redio huvisukuma, navyo vikirejea hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza picha. Skani ya CT, mashine nyingine ya kupiga picha za mwili, yenyewe ni eksirei inayokuzunguka.

Hayo nimeyaelewa. Kilichonishinda ni mpango wa 2015 wa Wizara ya Afya ya Kenya wa kuzikodishia kaunti mitambo ya hospitali: baadhi ilikaa bila kazi kwa kukosa umeme au wataalamu, kaunti zikaendelea kukatwa kodi, na magavana wakalalamika kwamba mkataba hawajaonyeshwa. Eksirei hupenya hadi fuvu. Kupenya kabati la Wizara ya Afya, thubutu!