Tabo Kisiwani: Mambo Manane kwa Kurudi Nyuma

Mpwa wangu kanunua Subaru Forester. Si Forester hivi hivi, ni ile ya tabo, SG5 ya mwaka 2003, ambayo Japani waliiuza na nguvu za farasi 220. Haijazoea hata vumbi la Chake, keshanijia: "Mjomba, mie nataka zifike 300."

Za kwendea wapi? Pemba, toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, ni kilomita kama 67. Gari hiyo ilifungiwa kiwandani isizidi 180 kwa saa. Tuseme unaishika spidi hiyo bila kona, bila tuta na bila ng'ombe: kisiwa kinakwisha kwa dakika 22. Ya 23 uko baharini.

Hata hivyo simkatazi. Tabo ni tamu, na vilima vyetu vimejaa visingizio vya kukanyaga mafuta. Ninachokataa ni mpango wake, ameuandika kichwa chini. Basi nimempangia upya. Orodha hii inasomwa kwa kushuka na kulipiwa kwa kupanda: nambari 8 ndiyo vijana wanayoanza nayo, nambari 1 ndiyo wanayoikumbuka gari ikishavutwa kwa kamba.

8. Makelele

Bomba la nyuma mdomo kama sufuria ya pilau, na ile vali inayopiga "pshii" kila ukiachia mafuta. Bibi mmoja pale Ole, karafuu zake kaanika jamvini pembeni mwa barabara, atakuwa wa kwanza kujua umefika. Wa kwanza kukulaani pia.

Vali ya kiwandani hairushi hewa nje. Huirudisha ndani, kwa sababu kihisi kimeshaihesabu na kompyuta imeshapanga petroli yake. Ukiirusha nje, petroli inabaki bila hewa, gari inakohoa moshi mweusi na kusitasita kwenye kubadilisha gia. Yaani umelipa pesa ili gari inywe zaidi na iende vilevile. Sherehe hiyo iwe ya mwisho, kama lazima iwepo.

7. Tabo kubwa

Hii mpwa kaiokota kwa jamaa wa Muscat, anayemtumia video usiku na mchana: Nissan Patrol za TB48 zilizofungwa tabo, zinapanda mlima wa mchanga wa Moreeb kule Liwa, Abu Dhabi. Ni kweli zinapanda, na inapendeza kutazama. Lakini Patrol ile ina injini ya lita 4.8 na kazi moja tu, kupanda mchanga na kushuka. Haisimami Machomane kupakia shangazi na kapu la samaki.

Tabo kubwa huchelewa kuamka. Kwenye injini ya lita mbili unaweza kungoja hadi mizunguko 4,000 kwa dakika ndipo uisikie, na kwa barabara zetu, ikiamka umeshafika tuta linalofuata. Halafu haiji peke yake. Inataka nozeli kubwa, pampu ya petroli, klachi au giaboksi ya kuihimili, na mwisho inakuja kuzidai pistoni. Hiyo ndiyo mafundi wa kuongeza nguvu huiita steji ya tatu, na kila kipande chake kinatafutwa Gerezani kule Kariakoo, au Sharjah, kije ndani ya begi la mtu. Na karafuu yenyewe ya kulipia hayo yote huzaa kwa wingi mwaka mmoja katika kama minne. Panga steji ya tatu kwa kalenda hiyo, na mkarafuu ukikugomea, usiseme sikukwambia.

6. Bomba la kushukia

Bomba linalotoka moja kwa moja kwenye tabo. Likipanuliwa, moshi unapita upesi, tabo inazunguka kwa wepesi, na mgandamizo unaweza kupita ule iliozoea kompyuta. Ndiyo maana steji ya pili huuzwa pamoja na programu mpya. Anayekufungia bomba hili kisha akakwambia "nenda tu, haina neno," muulize kama atakuja kukuchukua ukizima njia ya Konde.

5. Kontroboksi

Hapa ndipo penye steji ya kwanza, na hapa ndipo injini nyingi huzikwa.

Kurekebisha programu ya kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo njia rahisi ya kupata nguvu bila kubadilisha chuma: kebo, kompyuta ya mkononi, na mtu anayejua anachokifanya. Mtu huyo si lazima awe Pemba. Unaweza kuendesha, ukarekodi, ukamtumia rekodi aliye Dar au Nairobi, akazisoma na kukurudishia faili. Shida haiko kwenye masafa. Shida ni petroli.

Injini za tabo za Subaru za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye okteni 98 hadi 100. Ya pampu zetu haifiki huko. ZURA, wadhibiti wa mafuta wa Zanzibar, hutangaza bei kila mwezi, haitangazi miujiza. Okteni ikiwa ndogo, mchanganyiko uliobanwa na tabo hulipuka kabla ya wakati wake, na ndani ya silinda inakuwa ni kugongwa nyundo. Kompyuta ina kihisi cha kusikia kishindo hicho, na ikikisikia hurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuiokoa pistoni. Maana yake zile 220 za mpwa huenda hata sasa hazijatimia, na mwenyewe anaota 300.

Naye keshapata faili ya bure ya Marekani. "Imeandikwa 93, mjomba, na sisi petroli yetu si inapita 90?" Mwanangu, Wamarekani wana kipimo chao. 93 yao ni sawa na kama 98 kwa kipimo cha Japani, ambacho ndicho chetu pia. Ukiitia faili hiyo, umeiambia injini inakunywa kitu ambacho hainywi. Injini za Subaru za aina hii zinajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni, zile zinazoshika ringi, na kishindo cha namna hii ni mmoja wa wauaji wakubwa. Ramani ya Texas haiendeshi Wete. Programu ipangwe kwa petroli utakayoijaza wewe, na ile ya chupa ya maji ya kando ya njia waachie bodaboda.

4. Breki na tairi

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza vilevile. Gari za mashindano ya dunia wakati huo zilibanwa na kizuizi cha hewa cha milimita 34 mbele ya tabo, nguvu zake zikawa zinahesabiwa kama farasi 300. Mabingwa walikata Kenya kwa 300. Wewe unazitaka hizo hizo za kwendea kununua pweza.

Na wao walikuwa na breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, na sisi tunaishi ndani ya unyevu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, pamoja na brekipedi za maana. Tairi za mtumba nazo zina tarakimu nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Muuzaji atakwambia "mpya kabisa". Soma ubavu, usisome uso wake. Masika yakikukuta kwenye mteremko nyuma ya gari ya ng'ombe, tabo haikufai kitu.

3. Kupoza

Sisi wa pwani tumejaaliwa hewa nzito. Nairobi, juu kule mita kama 1,700, tabo inahangaika kukusanya hewa ambayo hapa Mkoani inaipata bure. Ila yetu ni ya moto, na tabo ikiibana inazidi moto. Kwenye Forester kipoza hewa kimelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Ukitambaa nyuma ya daladala ya 606, hakuna upepo unaoingia, kinapikwa na injini iliyo chini yake. Kabla ya kununua kikubwa zaidi, kagua mipira yote. Ufa mmoja unatosha kuvujisha hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Rejeta yenye vichwa vya plastiki vya miaka 20 ibadilishwe, na isitiwe maji ya kisima. Tia kulanti.

2. Saa

Dashibodi ya gari hii haikwambii mgandamizo wa tabo, presha ya oili, wala uwiano wa hewa na petroli. Funga saa tatu za kupimia, moja kwa kila kitu. Fundi wangu ana sikio zuri sana, lakini sikio haliandiki namba.

1. Afya ya injini

Sasa, mwanangu, toa pesa.

Pima kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kununua hata kibandiko. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zisikuhadae, huenda zimerudishwa nyuma kabla gari haijapanda meli. Taimingi belti ya injini hii hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ikikatika, vali na pistoni zinakutana, na hazikutani kwa amani. Kama huna ushahidi kuwa imebadilishwa, hesabu haijabadilishwa. Ifunge na pampu ya maji kwa pamoja, kwani kufungua ni kule kule.

Halafu oili. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili. Badilisha kila kilomita 5,000, na chomoa kijiti uangalie kila ukijaza petroli, maana injini hizi hula oili kimyakimya. Subaru nyingi za tabo za miaka hiyo zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba, tabo inakufa kwa kiu huku oili imejaa tele chini. Mwambie fundi akitoe, akisafishe au aweke kipya. Plagi mpya, koili zikaguliwe, basi.

Mpwa kauliza kama hiyo ndiyo steji ya kwanza. Hapana, hiyo ni ruhusa ya kuanza. Pesa ya karafuu ya msimu huu imalize 1 na 2. Msimu ujao 3 na 4. Nambari 5 ifuate, kwa programu ya petroli ya hapa, na kwa Pemba hapo ndipo pa kusimama. Nambari 6 ni hiari. 7 na 8 mrudishie jamaa wa Muscat.