Fundi wa Friji Amekuja Kabazi

Masharti aliyaweka yeye, mimi nikayapitisha kwa kunyamaza. Hakuna kuulizana uko wapi. Hakuna kuacha nguo kwa mwenzako. Hakuna kupelekana ushago. Tulikuwa Nakuru, watu wazima wawili wenye kodi za kulipa, mimi Section 58, yeye Free Area, na tulichokuwa nacho kilikuwa cha kupitisha jioni tu, halafu kila mtu ashike njia yake kabla majirani hawajaamka kuchota maji.

Yeye ni fundi wa friji. Hilo lilitusaidia mwanzoni, kisha likatuponza. Kila alipokuja kwangu alibeba begi la vifaa, bisibisi na spana zikigongana ndani, ili ploti nzima isikie kwamba fundi yuko kazini. Friji yangu ilikuwa mpya, ya mkopo, haijawahi hata kukohoa. Mama mboga wa pale langoni akaanza kunionea huruma. "Hiyo yako nayo, kila Ijumaa!" Siku moja akanivuta kando akaniambia huyo fundi nimwache, ni wazi kazi haijui. Yeye ana mpwa wake hodari sana, tena akimaliza huenda kwao.

Hatukuwahi kugombana. Na nani atagombana na mgeni wa saa chache? Alipoondoka nilifunga mlango nikalala vizuri. Sikujua mamake anaitwa nani wala anakunywa chai ya rangi au ya maziwa, na nilijivunia kutojua huko.

Shida ilianzia nyumbani. Kwetu ni Kabazi, kule juu ukipita Bahati kuelekea Subukia, mahali pa ukungu, waru, ng'ombe wa maziwa na habari za watu. Ukipanda matatu ya kwetu mjini Nakuru, kabla hamjafika Bahati abiria wa kiti cha nyuma ameshajua mshahara wako, na aliyekaa na dereva ameshakutafutia mke. Wangu alitafutwa na shangazi: mwalimu wa shule ya msingi, mcha Mungu, mwenye shamba la jina lake mwenyewe. Siku ya kuonana ikapangwa, Jumapili ya mwisho ya Februari 2023.

Mimi nikaamua nitasema ukweli Jumamosi. Kati ya wikendi zote. Ijumaa yake, tarehe 24, Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba shirika la kutetea mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2013, imezunguka mahakamani miaka 10 ikibishania jina la kuandikwa kwenye fomu, na ikachagua kuisha siku moja kabla sijapanda matatu. Nilipofika nyumbani redio ya baba ilikuwa haizungumzi kingine. Baba alikuwa akiijibu. "Dunia imekwisha," aliiambia, na redio ikaendelea.

Ndani ya matatu nilikuwa nimemfikiria mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru kama mimi. Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43, alitoa maandishi ya kumwambia mamake kwamba yeye ni shoga. Nilitumiwa maandishi yale kwenye simu, nikayasoma chooni, nikayafuta, kesho yake nikayatafuta tena. Ni kazi ya ujasiri, lakini tusisahau kwamba mamake, aliyekuwa na saluni hapa mjini, alikuwa amefariki mwaka 2000. Hakuwa na nafasi ya kuuliza maswali. Wangu alikuwa mzima, ameketi juu ya debe lililopinduliwa ndani ya stoo, akichagua waru: za mbegu huku, za kuuza huku, zilizooza kule.

Mimi ni mtoto wa kiume wa pili, nilipewa jina la babake mama, ndiyo maana huniita "baba" hata anaponigombeza.

"Baba, kesho uoge mapema. Shangazi yako anakuja na yule mwalimu."

Nikamwambia mwalimu asisumbuliwe, kuna mtu tayari.

Uso ukamchanua. "Wa wapi?"

"Kakamega."

Mkono ukasimama hewani na waru yake. "Mluhya?" Akawatazama kuku wake waliokuwa wakidonoa mlangoni, mmoja mmoja, kama anayewahesabu kwa mara ya mwisho. "Haya. Hata hao ni watu. Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa friji."

"Msichana, fundi wa friji?"

"Si msichana, mama."

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchagua, haraka zaidi, zilizooza akazitia kwenye za mbegu na za mbegu akazitupa kule. Nilimwona na sikuthubutu kumrekebisha. Msimu huo ile kona ya shamba ya karibu na mto haikutupa kitu, na hadi leo yeye hulaumu mvua.

Usiku nilimsikia akilia. Nyumba yetu ni ya mbao. Asubuhi alikuwa amemwambia baba, maana baba alikuwa ameacha kunisemesha na ameanza kunipitishia ujumbe: "Mwambie kijana wako afunge lango." Nilikuwa nimesimama kando ya lango hilo hilo. Shangazi alipigiwa simu asije, mwalimu akabaki na shamba lake, na mama alipotoka kanisani, ambako uamuzi wa mahakama ulihubiriwa kwa kirefu, alisema tu kwamba mahubiri yalivuka saa ya chai.

Nikarudi mjini nikamwambia Fundi nimesema. Alikaa kitandani akavua kofia.

"Umesema nini na nini?"

Nikamweleza yote, hadi kuku.

"Kakamega?" Alisimama. "Mimi ni wa Vihiga! Umenipeleka kwa mama yako kama mtu wa Kakamega?"

Tukagombana hadi saa sita za usiku. Alisema nimevunja masharti yote kwa siku moja, na kwamba kama ni lazima achukiwe huko Kabazi, basi angependa achukiwe kwa kwao halisi. Mimi nikamjibu kwamba mwaka mzima hajawahi kuniambia kwao ni wapi, nimebahatisha kwa lafudhi. Akatoka akabamiza mlango. Ijumaa hakuja. Mama mboga akanipongeza kwa kumfukuza.

Wiki iliyofuata alikuja Jumanne, mchana kweupe, bila begi. Mikono mitupu. Mama mboga alimkodolea macho hadi nyanya zikamwanguka. Kwa kweli sikumjua mtu huyo alipokuwa hana spana begani. Alikuwa mfupi kidogo. Akaniambia chai anakunywa ya maziwa, mamake ni muuguzi mstaafu, na kama kuna swali lingine niulize sasa.

Mwezi wa nane mama akapiga simu. Hakumtaja kwa jina wala kwa cheo. "Mlete nimwone." Tukapanda Jumamosi na mkate, sukari kilo mbili na majani, na tulipofika tukakuta viti vya plastiki uani. Jumuiya. Zamu ya kusali ilikuwa kwetu, na mama, kwa kuwaza huyo mgeni wiki nzima, alikuwa amewasahau wageni wengine wote. Kina mama wa parokia walikuwa wameshaketi, wenye vitambaa vya Subukia kichwani, wale wanaopanda kwenye lile hekalu la Bikira Maria kila ibada ya taifa ya Oktoba na kurudi na maji ya chemchemi kwenye mitungi. Baba alipotuona akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida.

Mwenyekiti wa jumuiya akauliza, kwa sauti ya kufungulia kikao, "Na huyu mgeni wetu?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama mbingu. "Ni fundi wa friji."

Ikumbukwe kwamba sisi hatuna friji. Jirani hana. Kabazi friji ni ya nini? Maziwa ukiyaacha dirishani usiku, asubuhi yanauma meno. Vichwa vyote vikageuka polepole kutazama sebule, kisha jikoni, kisha stoo, vikirudi bila habari. Nikasikia moyo wangu ukipiga masikioni.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Basi fundi wa friji hawezi kushindwa na pasi."

Akamtuma mjukuu nyumbani. Sala ilipoisha pasi ilikuwa imefika, na nyuma yake redio mbili, taa ya sola, na mashine ya kunyolea ya mtu ambaye hata si Mkatoliki. Fundi akavuta benchi hadi chini ya mparachichi akaanza. Hakuwa na begi. Aliazima kisu cha jikoni na bisibisi ya baiskeli. Skrubu alizipanga kwenye kifuniko cha mkebe kwa mpangilio alioujua yeye, na kila kifaa alikigonga kidogo mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kabla ya kukifungua.

Redio ya pili ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Ilikuwa imekufa, hata mimi nisiyejua umeme niliona kutu ikimwagika. Bibi alimshika mkono wa shati akamweleza jinsi marehemu mzee alivyoinunua Nyahururu, na ilivyokuwa ikisikika hadi bondeni. Fundi angesema haifai, kazi ikaisha. Badala yake aliifungua yote, akaomba mswaki mkuukuu na spiriti, akaisugua kipande kwa kipande huku akiitikia "ndio cucu", "kweli cucu", kwa Kikuyu kibovu cha kujifunzia mahali gani sijui. Haikupona. Lakini alimrudishia ikiwa safi, akamwambia hiyo si ya kusikiza tena, ni ya kuweka mezani. Bibi akaifunga kwa leso yake.

Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Ningekuwa na akili ningetazama kando.

Jioni, tukimenya waru za mukimo, nikamkaripia mbele ya mama kwamba anamenya maganda manene, anatupa chakula. Akanijibu kwamba kwao waru ni mboga, haziabudiwi. Tukarushiana maneno hadi mama akatunyang'anya visu. Nikaenda nje kupoa, nikakumbuka jambo kuhusu Binyavanga. Mei 2018, alipotangaza kwamba amemwomba mpenzi wake Mnigeria wafunge ndoa na amekubali, alisema hakuna kilichomshangaza kama kumpenda mtu huyo. Huyu ni mtu aliyekuwa amejitangaza mbele ya dunia nzima miaka 4 kabla, bado mapenzi yakamshtukiza. Alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku 3 baadaye Mahakama Kuu ikaamua sheria dhidi ya mapenzi kama yetu ibaki ilivyo.

Nimeisoma hiyo sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na Waingereza, kinazungumzia maumbile na kifungo cha hadi miaka 14. Naiogopa, sitajifanya shujaa, na kuna watu mjini ambao bado nawasalimia kwa uangalifu. Ila aliyeiandika alidhani tuna nguvu nyingi sana. Hakuna kipengele kuhusu ganda la waru, wala kuhusu nani amemaliza gesi bila kusema, na tangu siku ile huko ndiko zinakoishia jioni zetu.

Tulirudi Nakuru na mayai, kabichi tatu na kuku mzima mwenye miguu iliyofungwa, wa mama mwenyewe. Alimkabidhi Fundi kwa mkono wake, akamwambia, "Najua nyinyi." Fundi akashukuru. Halafu, mlangoni mwa matatu, akamweleza kwa adabu kwamba yeye ni wa Vihiga.

Kilichobaki ni baba. Desemba redio yake ilikufa. Aliipeleka sokoni ikakaa huko na kurudi hivyo hivyo, na jioni moja akaiweka mezani mbele ya Fundi bila neno, kisha akasimama nyuma yake na tochi akielekeza. Hiyo hapana. Hiyo ndiyo. Si hapo. Fundi akachomeka waya, pakalia pa!, stima ikapotea kwetu na kwa majirani wote wa upande wa mto.

Gizani nikasikia sauti ambayo haikuwa imenielekea tangu Februari.

"Wewe! Mtu wako ametuzimia stima!"

"Ni fundi wa friji au wa giza?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Ni waya ya mzee," Fundi akasema.

"Waya yangu haina makosa!"

Walibishana hadi chakula kikapoa, na hawajamaliza. Juzi baba alinipigia simu, jambo asilolifanya hata kukiwa na msiba, kunijulisha kwamba amemuuliza fundi mwingine huko Subukia, na waya ni nzima kabisa. Nimwambie.