Hongera Nyingi, Fedha Hamna

Mtaani kwetu Tabata siku hizi nasalimiwa kwa swali: "Bado upo?" Muuza chipsi ananiuliza, wa bodaboda ananiuliza, mama wa genge ananiuliza huku akinifungia nyanya, utadhani nakula nyanya za mtu mwingine. Sina wa kumlaumu ila mama yangu mzazi, aliyetangaza kwamba mwanawe anakwenda Ulaya kusomea udaktari. Kwamba udaktari wenyewe ni wa fizikia, na kwamba hakuna aliyejitokeza kuulipia, hakusema. Hayo aliniachia mimi niyaeleze gengeni.

Na kuieleza fizikia ni kazi. Mjomba wangu aliposikia utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu malighafi za paneli za sola, aliniletea friji lake mbovu. Nikamwambia, Mjomba, mimi si fundi friji. Akanitazama kwa huruma, na toka siku hiyo akija nyumbani haongei nami habari za shule.

Ila kusema kweli, friji ndilo lililompatia Mtanzania jina katika fizikia ya dunia. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya aiskrimu yaliyoingia frijini yakiwa ya moto yakiganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakamcheka tena. Lakini Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba mwenyewe alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka. Zamani nilidhani alipotea njia. Siku hizi nahisi aliziona fomu za ufadhili, akasema heri tembo.

Maana tangazo linaandika "ufadhili kamili", na huo ukamilifu unaanza baada ya wewe kulipa. Vyuo vingi vya Marekani vinataka ada ya maombi, dola 75 na kuendelea, yaani karibu laki mbili za kwetu, kwa chuo kimoja, hairudishwi hata wakikukataa asubuhi yake. Ukitafuta msamaha wa ada kwa wasiojiweza, unakuta mara nyingi ni wa raia na wakaazi wa kudumu. Kumbe hata ukata una pasipoti. Halafu mtihani wa Kiingereza. Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, nimeandika tasnifu nzima kwa Kiingereza, nimepigwa viboko kwa kuongea Kiswahili shuleni. Bado nilipe nithibitishe kwamba nakijua, na cheti chenyewe kinakwisha baada ya miaka miwili, kama vile lugha inaoza.

Maprofesa wa huko, niwape haki yao, wana adabu. Wachache wanaojibu wanasema utafiti wako unavutia, ila kwa sasa sina fedha, nakutakia kila la heri. Nimekusanya heri za kutosha kufungua duka la jumla.

Ujerumani mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia mara nyingi huajiriwa: mkataba wa nusu nafasi au robo tatu, kazi nzima. Nilipopiga hesabu, nusu yao inaumeza mshahara wangu wote wa ualimu katika shule binafsi pamoja na tuisheni za jioni. Nikaipenda sana nusu ile. Tatizo, wanaoipenda ni wengi, na wengine walishaanza kufagia maabara hiyo hiyo tangu wakiwa uzamili. Uingereza nako, tangu 2021 wameruhusu wageni kupata fedha za utafiti za serikali, ila wasizidi asilimia 30. Sasa chukua kundi la nafasi tatu, utoe asilimia 30: unapata sifuri nukta tisa ya mtu. Mimi bahati mbaya niko mzima.

Si kwamba hakuna aliyetuwaza. Abdus Salam wa Pakistani alianzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, mwaka 1964, kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, na tangu 2018 kituo hicho kina tawi Kigali. Kigali kwa basi nafika. Lakini kila Mwafrika mwenye digrii ya fizikia na nauli ya basi ameliona tangazo la nafasi za tawi hilo hilo.

Kisha kuna barua za wadhamini. Mfumo unamtumia mdhamini kiungo, na hautaki Gmail. Unataka barua pepe ya chuo. Ya profesa wangu ipo, ila nywila anayo kijana wa kompyuta, na kijana wa kompyuta yuko likizo. Nikamfuata mzee ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba! Eh, umerudi lini?"

"Sijaondoka, Profesa. Nimefuata ile barua."

"Si nilishakuandikia?"

"Ile ilikuwa ya Uholanzi. Hii ya Uingereza."

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akaivaa ikiwa chafu vilevile. "Nenda kaiandike mwenyewe, nitaipitia nisaini."

Jaribu wewe, uliyelelewa na bibi aliyekukataza kujikweza, kukesha ukijiita kipaji adimu kwa niaba ya mtu mwingine. Nikajisifu kwa kiasi. Profesa akasoma, akaguna. "Mbona umejinyima hivi? Tia chumvi kidogo."

Nadhani chumvi ilifanya kazi, kwa sababu mwezi jana nafasi ilikuja. Ukurasa wa kwanza wa barua: tunayo furaha kukupokea. Ukurasa wa pili: ufadhili hakuna, ada ya mwaka ni zaidi ya shilingi milioni 80, chakula na malazi juu yako. Mjomba akaupiga picha ukurasa wa kwanza, akautupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hongera zikamiminika, "Dokta" huku, "Dokta" kule. Nami nikautuma wa pili. Kundi likanyamaza. Shangazi mmoja akaandika "Mungu ni mwema", na admini akabadilisha picha ya kundi.

Sasa niwaulize ndugu zangu. Si ni kundi hili hili lililomwoza binamu yangu mwaka jana? Kamati ikakaa kila Jumapili, ukumbi ukalipiwa Mbezi, MC akaletwa na spika zake, na majina ya wasiomaliza ahadi yakasomwa hadharani, langu likiwemo, mpaka nikalipa kwa fedha za tuisheni.

Mjomba, mwenyekiti ulikuwa wewe, na kamati ile haijavunjwa. Hata hesabu ya chenji hatujasomewa. Itisha kikao. Soda nitanunua mimi.