Mama Prezidenti na Simu ya Saa Nane Usiku

Likelemba ya mke wangu haijawahi kuvunjika, na hapa Goma hilo si jambo dogo. Jumapili baada ya misa, akina mama wa Himbi, Katindo na mitaa mingine hukutana katika uwanja wa parokia, kila mmoja huweka dola zake mezani, na mmoja wao huondoka na fungu lote. Mkuu wao ni mke wangu. Wanamwita Mama Prezidenti, hata sokoni, hata mbele yangu. Hesabu zote zimo ndani ya kaye moja ya karatasi za miraba, inayolala chini ya mto wake. Mimi, mume wa ndoa, sijaruhusiwa kuifungua.

Tatizo lilikuwa wachelewaji. Kila Ijumaa jioni alikaa simu sikioni akiwakumbusha mmoja mmoja, na simu ya kukumbusha kwetu haianzi na kukumbusha. Huanza na watoto, ikapita kwa mume, kwa mguu unaouma, kwa bei ya sambaza pale Kituku, na ikikaribia deni, inite za simu zimekwisha.

Ndipo akaja mpwa wake, kijana aliyesoma informatiki, mwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka na imani isiyopasuka. “Tantine,” akasema, “nipe tu namba zote. Wewe utalala.”

Alituonyesha kazi yenyewe, na sitamnyima haki yake: ilipendeza. Huandiki mstari hata mmoja wa programu. Unavuta visanduku kwenye kioo na kuviunganisha kwa mishale. Kisanduku cha kwanza kinasema ikifika Ijumaa saa fulani. Cha pili kinafungua jedwali la majina. Cha tatu kinatazama nani hajalipa. Cha nne kinatuma ujumbe au kupiga simu na kucheza sauti iliyorekodiwa. Akataja vyombo vya namna hiyo: Zapier ya Marekani, Make iliyozaliwa Prague kwa jina la Integromat, n8n ya Berlin. Nikamuuliza kama kuna chochote kinachotoka karibu na kwetu. Akacheka. TextIt, akasema, ilitengenezwa Kigali na kampuni iitwayo Nyaruka, saa chache tu kwa basi ukishavuka mpaka wa Gisenyi. UNICEF ikashirikiana nao, na mwaka 2014 ikazaliwa RapidPro, ambayo U-Report inaitumia kuwauliza vijana maoni yao katika nchi nyingi. Kwenye vyombo hivyo ndiko alikojifunza kwamba simu kuukuu ya Android yenye laini ya hapa inaweza kufanywa mlango wa kutuma ujumbe.

Basi simu yangu ya zamani ikapandishwa juu ya friji, ikachomekwa kwenye umeme, na watoto wakakatazwa kuigusa. Simu za sauti zingepigwa na huduma moja ya ng’ambo inayolipwa kwa kadi. Mke wangu akajifungia chumbani, mapazia yameshushwa ili jenereta ya jirani isisikike, akarekodi kwa ile sauti yake ya kufungulia kikao: “Mama mpenzi, wakati umefika. Usingoje wengine. Tayarisha kila kitu mapema, tukutane mahali petu.”

Nyumba nzima ilipiga makofi. Ilikuwa mwaka 2022, na hakuna aliyeyasikiliza maneno yale kwa masikio ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Saa nane usiku, simu za likelemba zote ziliita kwa pamoja. Namba ilikuwa ya nje, yenye tarakimu zisizojulikana, na hapa kwetu namba ya nje usiku huwa ni ndugu wa Kanada au wa Ubelgiji mwenye habari ya msiba. Wakapokea mikono ikitetemeka. Wakasikia wakati umefika. Usingoje wengine.

Asiyekuwapo hapa tarehe 22 Mei 2021 atasema walikuwa na haraka ya kuogopa. Jioni ile anga lilikuwa jekundu juu ya volkano ya Nyiragongo na watu wakajiokoa kwa simu za ndugu na majirani, wengine kuelekea Sake, wengine kuelekea Gisenyi, lava ikishuka upande wa Buhene. Siku 5 baadaye, alfajiri, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, na barabara zikajaa magodoro na mabidoni. Mtu aliyepita huko hasubiri sentensi ya pili. Mama mmoja wa Majengo aliwavalisha watoto nguo mbili mbili. Mwingine alimwamsha kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, na kumfungisha godoro, sufuria na mashine ya kushonea. Mweka hazina, ambaye ni mtu wa kutii, alifika kweli kwenye uwanja wa parokia na watoto wake, akamkuta mlinzi akimwuliza kwa upole kama misa imebadilishiwa saa. Wengine walitoka nje kuutazama mlima, wakauona umetulia, wakampigia Mama Prezidenti. Simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa amelala, kama alivyoahidiwa.

Asubuhi mpwa alifungua kompyuta na kuupata ugonjwa mara moja. Alikuwa ameagiza saa mbili usiku, lakini programu ilikuwa bado na saa iliyokuja nayo, saa ya New York. Saa mbili ya usiku huko, wakati wa kiangazi chao, ni saa nane ya usiku kwetu. Akairekebisha kwa kuchagua Kinshasa, kwa kuwa ni mji mkuu na Goma haimo katika orodha. Ijumaa iliyofuata simu ikaja saa tatu usiku. Nchi yetu ina saa mbili tofauti, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kila mtoto wa shule hapa anajua, isipokuwa, inaonekana, aliyesoma informatiki.

Mambo mengine yalikuwa madogo. Mke wangu alitaka ua waridi mwishoni mwa kila ujumbe. Ujumbe wa herufi za kawaida huchukua hadi 160, lakini ukitia kimchoro kimoja tu unashuka hadi 70, na ukumbusho mmoja ukawa unakatwa vipande vitatu na kulipiwa mara tatu. Waridi likang’olewa. Kisha mpwa akaongeza kisanduku cha adabu: ujumbe wowote ukiingia, ujibiwe “Asante, Mama Prezidenti amekupata.” Mtandao wa simu ukaleta tangazo. Simu ya juu ya friji ikashukuru. Mtandao ukajibu kwamba chaguo si sahihi. Simu ikashukuru tena. Walishukuriana hadi alfajiri, inite zote zikaisha.

Koko wa Katindo, mwanachama mkongwe kuliko wote, aliisikiliza ile sauti, akaisalimu, akaiuliza habari za nyumbani, akaingoja. Ilipokatika bila kumjibu alikuja kwetu kwa miguu, na fimbo yake, kumuuliza mke wangu alimkosea nini.

Hayo yote Mama Prezidenti aliyavumilia. Kilichomshinda ni waume.

Likelemba, kwa wasioijua, ni fedha ambazo mume hazijui vizuri. Hazijui kwa hiari yake, mara nyingi, kwa sababu ada ya shule hulipwa kutoka humo na yeye huona afadhali asiulize. Sasa wanawake wengi hawana simu yao wenyewe, au wanayo na hukaa kwa mume mchana. Katika kaye, kando ya namba, kulikuwa na alama. Msalaba: piga kabla ya adhuhuri tu. Duara: zungumza na binti mkubwa. Mstari wa mawimbi: usitaje fedha, sema tu kwamba kuna misa. Mpwa alinakili namba zote kwa usahihi mkubwa na kuziacha alama. “Nilidhani ni michoro ya mtoto, Tantine,” alisema, na nilimwona mke wangu akihesabu pumzi.

Kwa hiyo ujumbe ukaanguka katika simu ya mume mmoja wa Keshero: “Mama, umebakiza dola 20 za Jumapili hii.” Alisimama getini kwetu kabla ya chai, ameishika simu mkono ulionyooka. Aliniita Papa Prezidenti. Alitaka kujua fungu lote ni kiasi gani, zamu ya mkewe ni lini, na tangu lini. Nilimwambia sijui, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba kaye ile sijawahi kuifungua. Alikunywa chai yetu, akaondoka akiwa ameudhika na mimi zaidi kuliko na mkewe.

Kikao cha dharura kilifanyika Jumapili hiyo, nikafukuzwa hadi uani, lakini dirisha lilikuwa wazi. Hawakuutupa mtambo. Waliuona mvivu wa akili lakini mwaminifu wa tarehe, na waliona hilo lina faida. Sauti ilifutwa. Majibu ya adabu yakafutwa. Kilichobaki ni ujumbe mmoja kila Ijumaa, unaoenda kwa mweka hazina peke yake, wenye majina ya ambao hawajalipa. Yeye ndiye anayefungua kaye, akatazama misalaba na maduara, akapiga simu, akauliza habari za watoto. Inite zake hulipwa na fungu. Mpwa alishtakiwa gharama ya chukudu ya yule mama, akalipa.

Nawe msomaji, kama unatengeneza kitu cha namna hii ukiwa Goma, Bukavu au Beni, irekodi sauti kisha umsikilizishe kwanza mtu aliyekuwa hapa Mei 2021. Na ukifika kwenye orodha ya saa, usichague Kinshasa. Chagua Lubumbashi.