Kidole Kimekataa

"Mzee, kidole kimekataa," akasema binti wa chini ya mwavuli, kwa sauti iliyomfikia hadi muuza miwa ng'ambo ya barabara. Ni jana tu. Nilikwenda kurudisha laini iliyopotea pamoja na simu, namba ya kitambulisho cha NIDA nimeikariri tarakimu zote 20. Foleni ikageuka jopo la madaktari. Huyu: tia mate. Yule: pangusa kwenye shati. Bodaboda mmoja akashauri nikipitishe kichwani kipate mafuta, basi nikasimama pale stendi, mchana kweupe, najisugua upara kwa dole gumba, mbele ya watu ambao nusu yao nimewafundisha kusoma. Mashine ikajibu kwa maandishi mekundu: alama hazilingani. Binti akaniomba kidole kingine. Vyote vikakataa, hadi cha mwisho.

Mjukuu ndiye aliyenifumbua macho usiku. Kumbe kile kioo cha mashine ni maajabu! Taa inamulika kutoka chini. Ngozi ya kidole ina matuta na mifereji kama shamba la viazi. Tuta likigusa kioo, pale kamera inaona weusi, na penye mfereji mwanga unarudi, inaona weupe. Wala mashine haihangaiki na picha nzima. Inatafuta mahali tuta linapokatika na mahali linapogawanyika mawili, inapima vituo hivyo vimekaaje, ndipo inalinganisha na vile ulivyoandikishwa. Mchoro huo kila mtu ametoka nao tumboni mwa mama yake, na haubadiliki hadi kaburini. Nilikitazama kidole changu kwa heshima ambayo sijawahi kukipa.

Mchoro haubadiliki, lakini matuta yanalala. Uzee huyasawazisha, ngozi inakauka, na ngozi kavu haigandi kwenye kioo. Mstari mmoja unatokea vipande vipande, na kila kipande mashine inadhani ni mwisho wa tuta. Kwangu ongeza chaki za utumishi wote na jembe la kila jioni.

Simu imeshaniaibisha kwa mengine: ujumbe wa sauti wa fundi choo uliotua kwenye kundi la msiba, tuuache. Tochi iliyowaka mfukoni katikati ya ibada, nayo tuiache.

La kidole siliachi. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020, na laini kwetu si maongezi tu, ni pochi. Hela yangu imo humo. Halafu kwenye semina tunaambiwa wazee tunaogopa teknolojia! Mimi niliifuata kwa miguu yangu, juani, nikapanga foleni. Yenyewe ndiyo iliyonikana. Sasa napiga simu kwa laini ya mjukuu, na naambiwa hilo nalo ni kosa kisheria.

Mnaonunua mashine hizi, kabla ya kulipa zijaribuni kwa bibi aliyelima miaka hamsini. Zikimkataa, zirudisheni dukani.