Dawa ya Choo Haiponyi Mtu

Mkosaji wa kwanza ni lugha yenyewe. Kiswahili kimelibebesha neno dawa mizigo mingi mno: dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya mende, dawa ya mapenzi kwa wenye shida hiyo, na dawa ya choo. Kipindupindu kikibisha hodi Shinyanga, kama kilivyofanya mwanzoni mwa 2024, au homa ya Marburg ikisikika Biharamulo, mlangoni kabisa pa Geita, kama Januari 2025, watu hukimbilia dukani kununua dawa, na kwa kuwa ni dawa huitumia kwa imani ya dawa: ikizidi ndiyo inaponya, na zikiwa mbili ni bora kuliko moja. Basi jiki humiminwa chooni, juu yake ile ya kung'arishia masinki, yenye asidi, kisha mlango hufungwa ili zifanye kazi. Nazo hufanya. Kinachopanda hapo ni gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwafungulia adui zao Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Wao walihitaji maelfu ya mitungi na upepo wa kuwaelekea adui. Sisi tunahitaji chupa mbili na choo kisicho na dirisha.

Ajabu ni kwamba ukanda huu una wataalamu wa jambo hili hili. Kwenye plenti za kuchenjulia dhahabu, kuanzia Kakola hadi Nyarugusu, hata kibarua anajua kwamba sianidi na asidi havikutanishwi. Ndiyo maana chokaa hutangulia kwenye tangi na pH hupimwa, maana maji yakigeuka kuwa asidi, gesi itakayotoka haiombi radhi. Bwana huyo huyo akirudi nyumbani Katoro hupiga magoti mbele ya choo na kuchanganya asichokijua kwa mkono mtupu, huku ameinamia ndoo kama anaonja mchuzi. Atajitetea kwamba huko machimboni watu huchoma zebaki kwenye kikaango, sasa jiki ni nini? Lakini sumu hazipangwi foleni kwa cheo, na mapafu anayokwenda nayo kazini ndiyo anayorudi nayo.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wakongwe: tumechanganya miaka yote na hatujafa. Ni kweli, na anayestahili shukrani ni choo cha uani, chenye bati lililotoboka na upepo unaopita bila kibali. Siku hizi mji umekua, choo kimehamia ndani ya chumba cha masta, na tundu la hewa fundi alilisahau. Wengine husema isiponuka hadi macho yatoe machozi haijaua kitu. Pua haina maabara. Kinachotakiwa ni kipimo: jiki yenye klorini asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, hutoa asilimia 0.5, nguvu inayotosha sakafu na vitasa hata wakati wa Marburg. Maji yawe baridi, maana ya moto huiharibu jiki. Uchafu utangulie kuondolewa kwa sabuni na sakafu isuuzwe, maana jiki ikikuta matope huishia kupigana na matope. Kisha iachwe dakika 10. Hata Babu wa Loliondo mwaka 2011, kwa shilingi 500, alitoa kikombe kimoja tu cha dawa yake kwa kila mtu, na hakuna aliyedai ndoo.

Inabaki jiki inayosalia. Mtu amechanganya nyingi, kutupa anaona uchungu, anaimimina kwenye chupa ya Sprite na kuiweka karibu na mtungi wa maji. Jiki iliyotiwa maji huchakaa haraka, na ndiyo maana hospitali huchanganya upya kila siku. Kwa hiyo wiki ijayo chupa ile haitategemewa tena kuua kipindupindu, lakini huenda bado ikawa na ukali wa kutosha kwa koo la mtoto wa jirani aliyetoka kucheza mpira.